Mlio wa Gurudumu la Nyuma

Katika kona moja ya Katindo, mtaa wa Goma, kando ya ukuta wa mawe meusi, kuna benchi ambayo haikuzaliwa benchi. Ni ubao wa nyuma wa lori, ule unaofungwa ili mizigo isimwagike, na umelazwa juu ya mawe mawili ya volkano mbele ya kiwanja cha Jephté tangu njia ya kaskazini, ya kwenda Butembo, ilipokatika kwa vita na lori lake likakosa pa kwenda. Zamani ubao ulikuwa na maandishi mekundu, TUTAFIKA TU. Sasa makalio ya mtaa mzima yamekula herufi za katikati, imebaki TU mwanzoni na TU mwishoni. Hapo Mama Dancille huweka termo zake za kahawa yenye tangawizi, na hapo kuna sheria moja tu: anayekaa lazima aseme, anayetaka kunyamaza asimame. Jumatatu hiyo mchana Jephté hakukaa wala hakusimama. Alikuwa amepiga magoti kando ya lori lake. Gurudumu la nyuma la kushoto limetolewa, ekseli imekalia gogo na mawe, shafti imechomolewa, na kitovu cha gurudumu kimelazwa juu ya tairi kuukuu mbele yake kama mgonjwa juu ya kitanda.

— Papa Jephté, ile kitu haitatoka vile, alisema Radio. Unaigonga sawa mutu anabisha ku mulango ya bakwe.

Radio ni Grégoire. Huning'iniza kiredio shingoni, kisicho na betri tangu zamani, lakini habari hazijawahi kumkosa.

— Gonga na hasira! Chuma inaogopaka hasira.

— Chuma haiogopi kitu, akajibu Ministre. Chuma inataka heshima. Wazee walisema, mutaka cha mvunguni ainame. Huyu ameinama. Basi kitatoka chenyewe.

Ministre ni Florent, mtu wa milima ya Masisi, ambaye koti halimtoki hata jua likiwaka. Aliwahi kumbebea mkoba bwana mmoja aliyetaka kuwa waziri. Bwana hakupata uwaziri, lakini cheo kilimbakia mbeba mkoba.

— Kitoke chenyewe, kiende wapi? Dancille akauliza huku akimimina. Muachilie Papa Jephté afanye kazi. Kesho njo kesho.

Kesho njo kesho. Jephté alilisikia neno hilo, kesho ndiyo kesho, likiingia kifuani na kukaa. Kesho, mardi, yaani Jumanne, alfajiri, malori yangekusanyika Munigi, upande wa mlima Nyiragongo, na kupanda kaskazini kwa msafara, ya kwanza kupita tangu njia ilipokatika. Benchi ilikuwa imelisema jambo hilo siku baada ya siku, mpaka likawa na uzito wa jiwe. Na msafara hauna huruma: lori likikwama kwenye kilima, yanayofuata yanalikwepa na kwenda zake. Kwa hiyo beringi ya gurudumu hilo, ile ambayo Goma nzima inaiita roulement, ilikuwa lazima itoke leo. Gereji haikuwezekana. Lori lenye roulement iliyokufa haliendi gereji, gereji ndiyo huja kwake, na fundi aliyekuwa akija alikwisha kuzunguka kwa kupitia Uganda akarudi kwao Beni, huko kaskazini. Mtu anaweza kuzunguka. Lori halina pasipoti. Basi Jephté alikuwa na nyundo, patasi, msumeno wa chuma, kipande cha shaba, spana, jeki ya kuazima, na magoti yake.

Roulement ya lori ni vitu viwili vinavyoishi pamoja. Ya ndani, yenye vijiti vyake vya chuma vinavyoviringika, hutoka kwa mkono kama jino la mtoto. Ya nje ni pete, mafundi wanaiita kikombe, imebanwa ndani ya kitovu cha gurudumu, na hiyo haitoki bila vita. Jephté aliegemeza kipande cha shaba kwenye ukingo wake, akapiga. Kulia, kushoto. Juu, chini. Ukipiga upande mmoja tu, kikombe kinakaa mshazari na hakitoki tena. Kulia, kushoto. Juu, chini.

— Tujiulize sababu, alisema Ministre, akakunja mguu juu ya mguu. Roulement inakufa ju ya nini?

— Vumbi, akasema Dancille.

— Vumbi! Mama, vumbi inaua mapafu. Roulement inauawa na mulima. Nyiragongo iko na sumaku ndani. Gari ikilala muda murefu, mulima inavuta chuma yake, polepole, polepole. Muangalie malori, kamyo zote zinalala mu Goma. Mapua yote inaangalia Munigi.

— Ya Papa Jephté inaangalia ziwa.

— Ile njo mbaya zaidi! Inavutwa na nyuma. Na ni gurudumu gani imekufa?

Benchi nzima ikageuka kuangalia. Gurudumu lililokufa, kweli, lilikuwa la nyuma.

— Mambo ya mulima ni ya zamani, alisema Radio, ambaye hapendi mtu mwingine ashinde. Roulement za siku hizi banaweka kitu ndani. Ka-puce, ka-kompyuta kadogo sawa mbegu ya ulezi. Kanahesabu kilomètres. Kakiona uko karibu kufika, kanajiua, ununue ingine.

— Karibu kufika wapi? Gari haijatembea, Radio.

— Njo sababu! Imechoka kungoja.

Jephté alicheka pamoja nao, lakini nyundo ikapoteza mdundo kidogo. Imechoka kungoja. Alijua vizuri ni lini roulement ile ilianza kuugua. Ilikuwa kwenye safari za mwisho, njia ikiwa bado njia. Lori likienda polepole iliguna tu. Likiteremka kuingia Butembo, iliimba. Uuuuu, sauti moja ndefu, kama mtu anayeita mtu mwingine kutoka ng'ambo ya bonde. Nyumba yao iko juu ya barabara, na Wivine, mke wake, alikuwa akiusikia mlio ule kabla lori halijaonekana. Akiusikia, anaweka maji ya bugali motoni. Jephté akimaliza kuegesha na kunawa miguu, bugali inashuka mezani. Hawakuwahi kukubaliana hivyo kwa maneno. Siku moja tu, alipomwonyesha roulement mpya aliyoinunua, ikiwa bado katika karatasi yake yenye mafuta, Wivine aliikunjia uso.

— Usibadilishe ile kitu, alimwambia. Gari zote zinapitaka hapa. Ya kwako tu njo inaniita.

Hakuibadilisha. Aliitia chini ya kiti. Halafu njia ikakatika, na roulement mpya ikakaa chini ya kiti huko Goma, na ile ya zamani ikanyamaza kwa kukosa mwendo.

Kulia, kushoto. Juu, chini. Klang! Kikombe kilianguka juu ya jiwe, kikazunguka, kikalala.

— Hasira! alipiga kelele Radio.

— Heshima! alipiga kelele Ministre.

Jephté alikiokota, akakifuta kwa kitambaa chenye mazutu, dizeli ya lori, akapitisha kidole ndani. Chuma kilikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Kisha akachukua msumeno, akaanza kukikata mkato mmoja, upande mmoja.

— Papa, unakata mufu? Ministre akashtuka. Imekwisha kufa, uiache ipumzike.

— Haijamaliza kazi, akajibu Jephté. Ya zamani njo inasukumaka ya mupya.

— Namna gani?

— Nyundo ikigonga ya mupya, itapasuka. Basi ninaweka ya zamani juu yake, nagonga ya zamani. Yenyewe njo inakula fimbo. Nikiikata hivi inalegea, haitabanwa pale ndani na ile ingine.

Benchi nzima iliinama kuutazama msumeno.

— Sawa muzazi, alisema Dancille.

— Sawa muzazi, Jephté akakubali, akaendelea kukata.

Ministre alikuwa na njia yake. Alisema kama angepewa roulement hiyo yeye, asingetumia nyundo hata kidogo. Angetumia baridi. Mutu akisikia baridi anajikunja. Chuma nayo ni mutu. Iwekwe ku barafu, itajikunja, itaingia yenyewe mu shimo yake, halafu ikisikia joto itajinyoosha, haitoki tena mpaka siku ya kiama.

— Wazee walisema, samaki mukunje angali mubichi, akamalizia. Na samaki mubichi iko wapi? Ku barafu!

Radio alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Alijipiga mapaja, akaita majirani waje wasikie. Alikuwa bado anapangusa macho wakati Jephté aliponyanyuka, akaenda ukutani kwa Mama Jolie, muuza sambaza, akatia mkono ndani ya ndoo ya barafu, katikati ya samaki wadogo wa ziwani, na kutoa mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko mlikuwa na kikombe kipya cha roulement. Kilikuwa kimelala humo tangu asubuhi.

Ministre alisimama, akafunga vifungo vyote vya koti.

— Serikali imesema, alitamka.

— Serikali inanuka sambaza, alisema Radio.

Kikombe kipya kiliingia mdomoni mwa kitovu kikiwa baridi na kimetulia. Jephté aliweka cha zamani juu yake, akapiga kwa kuzunguka. Sauti ilikuwa nyepesi mwanzoni. Ilikuwa ikibadilika, ikinenepa, mpaka ikawa tok, tok, sauti ya chuma kilichofika mwisho wa safari yake. Kisha akakitoa cha zamani. Kilitoka kirahisi, kwa ule mkato wake, kimekula fimbo zote. Kipya hakikuwa na alama hata moja.

Sasa ilibaki grisi. Hapo kila mtu alikuwa fundi. Radio alitaka iwekwe kidogo sana, kwa sababu haba na haba hujaza kibaba, basi kibaba kitajijaza chenyewe njiani. Ministre alisema grisi ya dukani ni takataka. Babu zake Masisi walipaka magurudumu siagi ya ng'ombe, na kama ingekuwa yeye wa kuamua, magari yote ya Nord-Kivu yangetembea na fromage, jibini ya kwao, yasingelia kamwe, na abiria wakipata njaa njiani wangefungua gurudumu wakala.

— Na mukate? aliuliza Dancille.

— Mukate ni budget ya ministère ingine.

Jephté alichota grisi akaiweka kwenye kiganja cha kushoto. Akashika roulement kwa kulia, akaukandamiza ukingo wake ndani ya kiganja, akauvuta. Kukandamiza, kuvuta. Grisi iliingia upande mmoja na, baada ya muda, ikachungulia upande wa pili, katikati ya vijiti. Hivyo ndivyo unavyojua kwamba imeshiba. Akageuza kidogo, akarudia.

— Sawa unakanda bugali, alisema Dancille.

Jephté aliigeuza roulement. Alikuwa anaona mikono mingine ikikanda, moshi ukitoka mlangoni, na njia nyekundu ikiteremka chini ya nyumba. Kesho. Akizifunga kamba za magunia ya maharagwe leo jioni, akiondoka Katindo kabla ya jogoo, kesho jioni angeweza kuwa juu ya kilima kile. Lakini lori lingeteremka kimya. Wivine angekuwa anapembua maharagwe uani, asigeuze hata shingo. Ingempasa apige honi kama mgeni. Wazo hilo lilimchekesha na kumuuma kwa wakati mmoja, naye akaendelea kukandamiza na kuvuta.

— Kesho sisi tutakaa wapi? Dancille aliuliza ghafla.

Wote walitazama chini, kila mtu mahali pake kwenye ubao. Kumbe hakuna aliyefikiria. Lori haliendi kaskazini bila ubao wa nyuma.

— Ninaleta proposition, alisema Ministre. Gari iende, ubao ubaki.

— Na maharagwe imwagike ku njia?

— Maharagwe iko na miguu, itafika. Sisi njo hatuna pa kwenda.

Alisema kwa mzaha, lakini mzaha ulianguka chini na hakuna aliyeuokota. Radio akajitolea kutafuta ubao mwingine. Dancille akasema ubao mwingine hautakuwa huu. Jephté akawaahidi kwamba atarudi na gogo zima kutoka msitu wa Beni, walichane wapate benchi ya kukaa watu wote hadi mtaa wa Majengo. Kisha akainua kitovu kwa mapaja, akakirudisha kwenye ekseli, akaingiza roulement mpya, na akaikabili nati kubwa.

Ilikuwa ni saa ya mabishano makali kuliko yote, maana nati hiyo ina siri. Ukiikaza mno, roulement inaungua. Ukiilegeza mno, gurudumu linacheza na roulement inavunjika.

— Kaza mpaka mwisho! alisema Radio. Asiyekaza jamvi hapati usingizi.

— Hakuna methali ya vile, alisema Dancille.

— Iko. Ulikuwa ujasikia.

— Legeza, alisema Ministre. Kitu ya kukazwa sana inaleta mapinduzi.

— Nyinyi banaume hamujui kitu, alisema Dancille. Bwana ukimukaza sana anatoroka. Ukimulegeza sana anapotea. Unamukaza mpaka atulie, halafu unamurudishia kidogo. Kidogo tu.

Jephté aligeuka akamtazama kwa mshangao wa kweli.

— Mama Dancille, nani alikufundisha roulement?

— Marehemu bwana yangu. Hakuwa hata na chukudu, ile baiskeli ya miti.

Wakati wanacheka, pikipiki ilisimama kwenye kona na mwanamke akashuka na gunia la maharagwe. Kope zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Jina lake Charline, mfanyabiashara wa mji wa Kiwanja, huko kaskazini, na alikuwa akimngoja mtu wa chukudu aje kulipeleka gunia sokoni. Alisalimia, akaomba kahawa. Dancille akamsogezea nafasi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Ministre, akasogeza kikombe chake pia kijazwe kwa jina la mgeni.

— Unatoka Kiwanja leo? Radio akauliza. Basi umepita Munigi. Kamyo zimefika ngapi?

— Kamyo gani?

— Za kupanda. Kesho. Msafara.

Charline alipuliza kahawa yake.

— Ku Munigi niliona mbuzi, na bamama wanachota mayi. Kamyo sikuona.

— Zitafika usiku, alisema Ministre.

— Na ku Kiwanja banasema nini juu ya njia? Dancille aliuliza, sauti imeshuka.

— Njia imefungwa, mama, kutoka Kiwanja kupanda. Sawa jana, sawa juzi. Batu ya Butembo banazunguka tu Uganda.

Aliangalia nyuso zao, moja baada ya nyingine, na lori lililoinuliwa, na mtu aliyepiga magoti na spana mkononi. Hakuwa na ubaya wowote. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza saa.

— Nyinyi, ni nani aliwaambia inafunguka?

Radio alikuwa wa kwanza kujibu, kwa sababu Radio hujibu.

— Ministre.

— Mimi? Mimi nilisikia kwa Mama Dancille. Niliongeza tu Munigi, ju msafara lazima uanzie mahali.

— Nani, mimi? alisema Dancille. Mimi nilitoa kwa Radio. Yeye alisema mardi. Alfajiri njo niliweka mimi, ju alfajiri batu banakunywaka kahawa.

Wote wakamtazama Radio. Radio alishika kiredio chake kisicho na betri kana kwamba kingeweza kumsaidia.

— Mimi nilisikia hapa hapa, alisema polepole. Siku ya mvua kubwa. Nilikuwa nimejificha chini ya gari. Papa Jephté alikuwa ndani, ku simu. Njo alisema. Alisema: mardi banafungua. Alisema: mardi nitalala nyumbani.

Hakuna aliyemgeukia Jephté mara moja. Walimpa muda, kama mtu anavyopewa muda wa kuvaa.

Aliikumbuka mvua. Ilikuwa ikipiga bati la lori hata alilazimika kupaza sauti. Wivine alikuwa amepanda kilimani kutafuta mtandao, na mtandao ulikuwa unakatika, unarudi, unakatika. Utakuya siku gani, alimwuliza. Siku gani, Jephté? Na yeye, akijua kwamba laini ilikuwa inakufa, akitaka kusikia kicheko chake kabla haijafa, alitaja siku. Mardi. Banafungua, mardi nitalala nyumbani. Wivine alicheka. Laini ikafa katikati ya kicheko. Ilikuwa ni zawadi tu, neno la kumlalisha mtu vizuri usiku mmoja. Halafu neno likatoka chini ya lori na Radio, likazunguka benchi, mmoja akalitia alfajiri, mwingine akalitia Munigi, na lilipomrudia lilikuwa limenenepa kiasi kwamba hakulitambua. Alilipokea kama habari. Hakuna aliyemdanganya. Kila mtu aliongeza kidogo, kama grisi.

— Papa Jephté, alisema Radio. Unisamehe.

— Hakuna kitu, Grégoire.

Alimwita kwa jina lake, na Radio akainamisha kichwa.

— Iache tu ile kazi, alisema Ministre, akiwa amefungua tena vifungo vya koti. Utamaliza siku ingine.

— Gurudumu haliachwi nusu.

Akaikaza nati kwa mkono mmoja huku mwingine ukizungusha kitovu, akakaza mpaka kikawa kizito na kukataa. Akangoja. Halafu akairudisha nyuma kidogo. Kidogo tu. Akapinda kwa patasi kibati cha kuizuia isilegee, akarudisha shafti, akarudisha gurudumu, akafunga nati zake moja moja, kila moja na ya mkabala wake, na hakuna mtu kwenye benchi aliyetoa methali. Alipomaliza, akaiweka giabox huru, akashika tairi kwa mikono miwili na kulisukuma.

Gurudumu lilizunguka. Lilizunguka bila kuguna, bila kuimba, bila hata mnong'ono, jeusi na zito hewani. Wote walilitazama. Lilichukua muda mrefu kusimama, na liliposimama ilikuwa kana kwamba limeamua lenyewe.

— Imepona, alisema Dancille.

Jephté alifuta mikono, akatoa simu, akabonyeza. Sauti ya mwanamke ikamwambia kwa Kifaransa kwamba nambari haipatikani. Aliijua sauti hiyo kuliko alivyowajua shemeji zake. Akabonyeza tena. Haipatikani.

Dancille aliinua termo, akaitikisa. Hakukuwa na kitu. Akaitikisa ya pili.

— Kahawa imeisha, alisema, lakini hakuna aliyenyanyuka. Walikaa juu ya ubao ambao kesho ungekuwa bado hapo, na hakuna aliyefurahi.

Mtu wa chukudu alifika, akaanza kulifunga gunia la Charline. Jephté akamsogelea yule mwanamke. Mkononi alikuwa na roulement ya zamani, ile ya ndani yenye vijiti, aliyokuwa ameiosha kwa mazutu na kuifunga katika ile karatasi ya mafuta ya mpya.

— Mama, wewe unarudi Kiwanja lini?

— Kesho.

— Wale bamama ya Butembo banakuya kwako kununua maharagwe?

— Banakuyaka. Iko mumoja, Marie-Claire, anazungukaka Uganda kila juma.

— Amupe hii bibi yangu. Wivine, nyumba ya juu ya njia, pale kamyo zinateremka. Kila mutu anamujua.

Charline aliipima ile karatasi kwa mkono, akashangazwa na uzito wake. Akaifungua kidogo. Akatia kidole katikati, akaizungusha karibu na sikio. Mle ndani, kwa sauti ndogo ya chuma kikavu, ilianza: uuuu.

— Inalia, alisema.

— Ndiyo. Anaijua.

— Na nimuambie nini?

Jephté aliangalia lori lake, pua kuelekea ziwani, gurudumu lenye roulement mpya limenyamaza. Kesho ilikuwa mardi. Kesho Wivine angekaa uani na shingo imegeukia kilima, na mbele yake chungu, na hakuna mtu chini ya jua ambaye angeweza kufika kabla ya kesho kumwambia.

— Muambie ni salamu tu, alisema. Akiisikia, asiweke mayi ku moto bado.